Mwaka Nilioapa Kumchora

Mtu aliyempofusha baba yangu jicho alikunywa kwanza maziwa yetu.

Alikuja kiangazi, mchana wa jua kali, wakati mimi na mama tunapepeta uwele mbele ya tembe yetu kule Kizota. Siku hizo Kizota ilikuwa mashamba, miiba na vumbi. Reli ilikuwa imefika Dodoma si zamani, na kila mwenye koti la kaki tulimhesabu kuwa mtu wa serikali. Yeye alikuwa na koti hilo, lenye vifungo vya shaba, amelivaa juu ya kanzu, na kichwani kilemba kikubwa cheupe. Nyuma yake walisimama wanaume wawili wenye bunduki.

Alisema Kiswahili cha haraka, kile cha watu wa pwani, na alipoona baba hakushika maneno akarudia polepole, kama anayemsemesha mtoto. Serikali inataka ng'ombe, alisema. Watu wa reli lazima wale nyama.

Baba hakukataa wala hakukubali. Mgeni kwetu hupokelewa kwanza. Mama akanituma ndani, nikaleta maziwa mgando katika kata kubwa. Yule mtu akachuchumaa kivulini na kunywa, akiinua uso kadiri kata inavyoinuka, mpaka kilemba kikateleza nyuma. Nilikuwa nimesimama karibu yake nikisubiri kata. Nikaliona sikio lake.

Kwetu Ugogo watu walitoboa masikio na kuyapanua mpaka nyama ya chini ikaning'inia karibu na bega. Mtu huyu alikuwa nayo nyama hiyo, ila alikuwa ameikunja na kuitundika juu ya sikio, kisha akaifunika kwa kilemba. Hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa mmoja wetu, na alijua vizuri kabisa maana ya kunywa maziwa ya mtu.

Alifuta mdomo, akarudisha kilemba. Ndipo baba akauliza, kwa adabu, "Bwana, kama umetoka bomani, mbona jumbe wetu hukuja naye?"

Alimpiga fimbo ya uso. Baba alipoanguka akampiga tena palepale, jichoni, na wale wawili wakafungua zizi. Waliswaga ng'ombe wetu wote wakaelekea kaskazini. Walimwacha ndama mmoja aliyekuwa hawezi kutembea.

Kesho yake nilimshika baba mkono tukaenda bomani Dodoma, jicho lake limefungwa kwa kipande cha kaniki. Bwana mkubwa, Mjerumani, alikuwa ameketi barazani, na karani wake akatafsiri. Jibu lilikuja upesi: boma halikumtuma mtu yeyote kwenu.

"Alikuwaje huyo mtu?" karani akauliza.

"Mrefu," baba akasema. "Ana kanzu na kilemba."

"Mimi pia ni mrefu, nina kanzu na kilemba. Ni mimi?"

Nikasema, bila kuulizwa, "Sikio lake ni refu. Amelikunja."

Askari mmoja aliyesimama mlangoni akaangua kicheko. Alinionyesha foleni ya wanaume waliokuwa wakingoja shauri uwanjani, wote Wagogo, wote masikio yamening'inia. "Haya, chagua basi," akasema. "Chagua unayemtaka tumfunge." Bwana mkubwa akauliza kinachochekesha ni nini. Akaelezwa. Akacheka na yeye.

Njia nzima ya kurudi nilikisikia kicheko kile. Fimbo ilimpata baba. Kicheko kilinipata mimi.

*

Jicho lilipoanza kutoa usaha nilimpeleka baba misheni, mwendo wa asubuhi nzima. Pale alikuwepo Mzungu mwanamke aliyetibu vidonda. Sote tulimwita Bibi, ingawa hakuwa mzee. Alilisafisha jicho siku nyingi, na mwishowe akaniambia wazi kwamba limekufa, na kwamba lile jingine huenda nalo likadhoofika. Kwa kuwa nilikuwa nimezoea kumshikia beseni na kufua vitambaa, aliomba nibaki nimsaidie. Wazazi wakakubali. Nyumbani hapakuwa tena na mifugo ya kuchunga.

Bibi alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Kila jioni alikaa na karatasi akachora mimea: jani la mkole, ua la mbarika, tawi la mgunga na miiba yake. Siku moja nilichungulia na kuona jani lenye tundu alilolitoboa mdudu, na jani lenyewe likiwa mezani, na tundu lake palepale. Nikafikiri: kama jani linaweza kutambulikana hivi, uso je?

Mwaka wa kwetu huanza na mvua. Mwaka ule mvua ilikuwa imeshanyesha, uwele umeota na tumepalilia mara moja, ndipo watu wa misheni wakaanza mwaka wao. Bibi alitukusanya barazani sisi tuliofanya kazi pale, akatupa chai yenye sukari, akataka kila mmoja aseme atakalolifanya katika mwaka mpya. Mpishi aliahidi kuacha pombe, na wenzake wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka. Mchota maji alisema atajifunza kusoma. Zamu yangu ikafika.

"Nataka kujifunza kuchora," nikasema.

Bibi alipiga makofi. "Kuchora nini?"

"Watu."

"Vizuri sana! Lakini usiseme tu nataka. Jiwekee mpango. Kitu kidogo kila siku, saa ileile, hata kama hujisikii."

Nilimwitikia. Ndani ya moyo niliapa kwa jicho la baba yangu kwamba kabla mvua hazijarudi nitakuwa nimemchora yule mtu hata mbuzi wake wamtambue.

Miezi ya Kizungu sikuijua, basi nilipanga kwa shamba. Mpaka uwele ufike magotini, nitachora vitu visivyojongea. Kutoka hapo mpaka ndege waanze kushambulia masuke, masikio na mikono. Wakati wa kuvuna, pua, midomo na macho. Baada ya mavuno, nyuso nzima za watu ninaowajua. Na mwisho wa kiangazi, yeye. Nikajiwekea na sharti moja: chakula hakiingii kinywani mwangu asubuhi kabla sijachora.

Siku ya kwanza Bibi aliweka kibuyu juu ya kigoda, akanipa kibao cha shule na chaki. "Chora hicho."

Nikachora. Alitazama. "Hiki ni kibuyu cha nani?"

Sikuelewa.

"Changu kina kovu hapa, na shingo imeegemea upande. Wewe umechora kibuyu tu. Ukikipeleka sokoni, nani atasema hiki ni cha Bibi?"

Nilikifuta, nikaanza upya. Nilikichora kibuyu kile mpaka nikakichukia, mpaka nikakijua kuliko mgongo wa mkono wangu, mpaka mpishi alipopita akasema mwenyewe, "Ah, kile kibuyu kibovu." Nilifurahi siku nzima.

Sikumchora yule mtu. Nilijaribu mara moja tu, wiki za mwanzo, nikaogopa. Niliyemchora alikuwa na meno makubwa na macho ya fisi, na asubuhi ya pili sikuwa tena na hakika kama macho yake yalikuwa hivyo kweli au ni mkono wangu ulionidanganya. Nikaona kwamba nikimchora kabla ya kuweza, nitampoteza. Atabaki yule wa kwenye kibao na wa kweli atakimbia. Basi nikajifanyia tabia nyingine. Kila alfajiri, kabla ya kushika mkaa, nilifumba macho nikamwita. Nilimwona anachuchumaa, anainua kata, kilemba kinateleza. Nilimtazama paji la uso, nikashuka puani, nikafika kidevuni, nikarudi kwenye sikio. Kisha nilifumbua macho na kuchora kitu kingine kabisa.

Mama aliijua siri yangu, maana nilipokuja nyumbani kusaidia palizi aliniona nimekaa na njaa mbele ya jiwe nikichora jembe. Alisema, "Wewe unamlisha mtu huyo kila asubuhi kabla hujajilisha mwenyewe."

"Namnonesha, mama. Acha anone kwanza."

Akaenda kuniletea vipande vingine vya mkaa.

Tabia si jambo jepesi. Kuna siku mvua ilinyesha tangu usiku na mkaa haukushika, nikachora kwa kijiti kwenye matope. Kuna siku niliugua homa na sikuchora, nikala, na chakula kikanikaa kifuani kama jiwe. Uwele ulipopita magotini nilihamia masikio. Nilichora masikio ya kila aliyekuja kutibiwa: ya wazee yaliyochanika, ya wake yenye pete za shaba, ya Waislamu wa mjini yasiyopanuliwa. Watu walidhani nina kichaa cha masikio. Mpishi alizoea kuniambia, "Leo hulipati la kwangu," akijifunika kwa mikono, kisha anasahau na kukaa mlangoni akimenya viazi, nami nalipata.

Wakati wa kuvuna nilimketisha baba mbele yangu. Nilimchora jicho zima, nikamchora na lile lililokufa. Aliuliza kama linatisha. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi lichore vizuri."

*

Upepo wa kiangazi ulipoanza kuokota vumbi, nilikuwa naweza kumchora mtu akacheka kwa kujiona. Bibi alinipa karatasi za kahawia zilizokuja zimefungia dawa, akaniambia kwamba katika watu wote walioahidi siku ile, mimi peke yangu ndiye niliyetimiza. Alikuwa anaona fahari juu yangu. Sikumwambia kitu.

Asubuhi niliyomchora nilikuwa nyumbani, nimeketi nyuma ya tembe. Nilifumba macho nikamwita kama kawaida, akaja, na safari hii nilipofumbua sikumwacha aende. Alitokea kidogokidogo: paji pana, pua iliyolala, ndevu chache kidevuni, mdomo wa chini uliolowa maziwa, na lile sikio lililokunjwa. Hakuwa na macho ya fisi. Alikuwa na macho ya mtu wa kawaida aliyeshiba, na hilo ndilo lililonizidishia chuki.

Nilimpelekea baba ndani. Aliishika karatasi karibu na jicho lake zima, akaigeuza kuelekea mwanga wa mlangoni. Kisha akanirudishia, akageuza uso ukutani.

"Mtoe nyumbani kwangu," akasema.

Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilianza kumchora kila mahali. Nilisaga mkaa nikauchanganya na mafuta ya mbarika, yale tunayojipaka mwilini, ukashika kwenye mawe. Nilimchora kwenye mwamba ulio juu ya visima vya mchangani, katika korongo njiani kwenda Makutupora, mahali ambapo kila mwenye ng'ombe kaskazini mwa Dodoma hulazimika kuwanywesha kiangazi. Wanawake waliokuja kuchota walisimama.

"Mbukwa," wakanisalimu. "Ni nani huyo?"

"Mwizi wa ng'ombe wa baba yangu."

Wengine waliutemea mate mwamba, wengine walicheka tu. Hakuna aliyesema anamjua. Siku zikapita hivyo, mpaka alipokuja binti mmoja wa rika langu, amepakwa mafuta mekundu mabegani, shanga mpya shingoni, akifuatana na dada zake. Alikuwa mwari wa kuolewa, hilo lilionekana wazi. Alitazama mwamba, akanitazama mimi.

"Umemjuaje mchumba wangu?"

"Alikunywa maziwa kwetu," nikasema. "Kisha akampofusha baba na kuchukua ng'ombe."

"Mwongo! Huyu ni mtu wa serikali. Ameshaleta nusu ya mahari."

Alinimwagia maji ya kibuyu chake chote, akang'oa majani makavu, akasugua mwamba mpaka uso ukawa doa jeusi. Dada zake walinizomea. Waliondoka bila maji.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa pale, nikamchora tena. Alipokuja akafuta. Nikachora. Akafuta. Mikono yake ilichubuka kwa kusugua, yangu ikawa myeusi haitakati. Habari zikaenea. Watu wa mbali waliokuja kunywesha waliuliza kabla hata ya kusalimiana, "Leo yupo?" na wengine wakajibu, "Leo yupo," au, "Amefutwa, ngoja kesho." Bila kukusudia yule binti alinisaidia kazi. Kama angeniacha, watu wangeuzoea uso ule kama wanavyozoea mwamba wenyewe. Na kila alipofuta, mimi nilipata sababu ya kuchora vizuri zaidi.

Kisha siku moja alikuja peke yake, jua halijatoka, akanikuta nimefika sikioni. Hakunimwagia maji. Alikaa chini.

"Hilo sikio umelionaje?" akauliza. "Mimi mwenyewe sijawahi kumwona bila kilemba. Anasema kwao pwani ni heshima."

"Aliinua kichwa kunywa, kilemba kikateleza."

Alichezea mchanga kwa vidole. "Ng'ombe wenu wana alama gani?"

"Sikio la kushoto limekatwa kama mdomo wa ndege uliofunguka. Na yumo jike mwekundu, pembe yake moja imejikunja mpaka inakaribia jicho."

Aliacha kuchezea mchanga.

"Jike huyo, mama yangu amemkamua jana," akasema.

Nilitamani kupiga kelele za furaha, lakini uso wake ulinizuia. Alisimama, akajitwisha kibuyu kitupu. "Anakuja kumaliza mahari siku ya pombe, mwezi ukiwa mpevu. Mlete baba yako. Mlete na jumbe." Alipiga hatua kadhaa akageuka. "Mpaka siku hiyo, nitakuwa nafuta. Asije akasikia nimeacha kufuta."

*

Siku ya pombe tulikwenda Makutupora, nyumbani kwa baba wa yule binti, mimi, baba, baba mdogo na jumbe wetu. Nilikuwa nimeficha karatasi ndani ya nguo yangu kifuani. Boma la ng'ombe la mwenyeji lilikuwa kubwa, na uani watu wamejaa, mitungi ya pombe ya uwele inapita. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda cha heshima, kanzu imefuliwa, kilemba kimefungwa imara.

Baba hakumtazama. Alinitaka nimpeleke kwenye ua wa zizi. Akapiga mluzi, ule aliokuwa akiwaitia ng'ombe wake jioni. Mle ndani vichwa vikainuka. Yule jike mwekundu alipenya katikati ya wenzake, akaja mpaka kwenye ua, akatoa ulimi akaramba mkono wa baba kati ya miiba.

Baba wa mwari aliinuka polepole.

"Ng'ombe yeyote hufuata mluzi," yule mtu akasema, kwa kile Kiswahili chake cha haraka.

"Mkwe," mwenyeji akamwambia, "vua kilemba."

"Unanivunjia heshima mbele ya watu?"

"Nimesema vua."

"Sisi wa pwani hatuvui kilemba kwa amri ya washamba."

Mwari alikuwa anakuja na kibuyu cha pombe, kama desturi, ampe bwana harusi wake. Alipiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa. Yule mtu akanyoosha mikono yote miwili kupokea. Binti akaachia kibuyu mikononi mwake, na mikono yake mwenyewe ikapanda juu, ikakivuta kilemba kwa nguvu. Sikio lilichomoka mahali lilipotundikwa, likaanguka mpaka karibu na bega, likawa linacheza.

Nilitoa karatasi nikaikunjua. Nikaisimamisha kando ya shavu lake ili wote waone. Mzee mmoja aliyekuwa mwembamba sana, ambaye sikumjua, akasema, "Huyu huyu ndiye aliyekuja kwangu," na mwingine akasema, "Na kwa mdogo wangu."

Yule mtu alinitazama. Nilikuwa nimeingoja kwa mwaka mzima saa atakayonitazama. Akasema, "Wewe ni nani?"

Hakunikumbuka. Niliubeba uso wake kila alfajiri, nimeulalia njaa, na yeye hakuubeba wangu hata kwa jioni moja. Uchungu wa neno lile sijauonja tena.

"Mimi ndiye niliyekuletea kata," nikamjibu.

Vijana walimfunga kwa kamba za ng'ombe. Wengi walitaka kumpiga palepale, na mmoja akampa baba fimbo. Baba aliipima mkononi, akanipa mimi. "Wewe ndiye uliyemleta," akasema. Niliishika. Bega lake lilikuwa karibu sana. Lakini sikutaka aumie pale, mbele ya watu waliokuwa tayari kuniamini. Nilitaka apelekwe mzima mbele ya wale waliocheka.

Bomani tulimkuta askari yuleyule mlangoni. Nilimpa karatasi mkononi.

"Nimechagua," nikamwambia.

Aliitazama karatasi, akamtazama mfungwa, akaingia ndani bila kucheka. Bwana mkubwa alitoka, akalinganisha, akauliza ni nani aliyechora. Karani akanionyesha kidole. Mjerumani akasema kitu ambacho karani hakunitafsiria, akaikunja picha yangu akaitia mfukoni. Sikurudishiwa. Katika ng'ombe tuliowafikisha pale kama ushahidi, boma lilibakiza madume mawili, na hao nao hatukurudishiwa. Yule jike alirudi nyumbani.

Siku ya hukumu yule mtu alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya watu, kisha akatiwa mnyororo. Wanawake wengi walifunika nyuso kiboko kilipoanza. Mimi sikufunika. Nilitaka kujua uso ule unakuwaje ukiumia, maana huo nilikuwa bado sijajifunza kuuchora.

*

Watu wa misheni wakafikia tena mwaka wao mpya, na Bibi akatukusanya tena barazani. Mpishi aliahidi kuacha pombe. Zamu yangu ilipofika, Bibi akawaambia wenzangu wanitazame mimi, jinsi mtu anavyoweza kuweka nia na kuitimiza. Akaniomba nisimulie nilivyofanya.

Nikasimulia yote. Nilipofika kwenye kiapo aliacha kutabasamu.

"Kwa hiyo mwaka mzima," akasema, "kila asubuhi, ulikuwa unafanya hivyo kwa chuki?"

"Kila asubuhi, Bibi."

"Ningejua, nisingekufundisha."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Hakunifukuza. Alifungia karatasi kabatini tu, na tangu siku hiyo hakuketi tena na mimi jioni. Lilinisikitisha, kwa kuwa nilimpenda. Halikunibadilisha. Nilirudi kwenye mkaa na mawe, nikajiwekea nia ya mwaka wa pili: kumchora kila nitakapomwona kwenye mnyororo.

Wafungwa walibeba mawe ya kujengea majumba karibu na stesheni, wamefungwa shingo kwa shingo. Siku za kumpeleka baba mjini nilikaa kwenye mrundo wa mawe nikiwa na kibao changu. Safari ya kwanza alijifanya hanioni. Baadaye, walipopewa nafasi ya kupumua, aliniita kwa Kigogo, lugha ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

"Binti, ng'ombe mmewapata. Mimi nimepigwa. Unanichora wa nini tena?"

"Jicho la baba halijarudi."

"Na litarudi ukinichora?"

"Halitarudi. Geuza uso huku kidogo."

Aligeuza. Sijui kwa nini aligeuza. Labda alikuwa amechoka mno asiweze kukataa.

Yule binti wa Makutupora aliolewa na mtu mwingine, mfupi, mpole, mwenye masikio yaliyo wazi, na aliponitembelea alikuwa na mazoea ya kuniuliza kwanza, "Yukoje sasa?" Nilimwonyesha kibao. Alitazama kwa makini, akitikisa kichwa taratibu, kisha tukaanza kuzungumza mambo mengine. Kicheko cha kweli nilikisikia kwake siku nilipomwonyesha jinsi yule mfungwa alivyoota mvi.

Yule mtu alimaliza kifungo cha mnyororo muda mfupi kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Hakuna nyumba kuanzia Dodoma hadi Makutupora iliyompa hata maji. Watoto walimjua njiani, na popote alipoomba kazi walimtazama usoni kwanza, kisha sikioni. Tulisikia kwamba anataka kupanda gari la moshi aende magharibi, Tabora au mbele zaidi, ambako hakuna anayemjua. Niliumia kwamba Tabora ni mbali na mikono yangu.

Baba alisema twende stesheni. Wakati huo lile jicho la pili lilikuwa limefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Tulisimama kando ya reli, mimi nimemshika kiwiko. Gari lilitoa moshi, watu wakasukumana na matita yao, nikamwona anapanda behewa la nyuma, bila kanzu, bila kilemba, na kifurushi kidogo kwapani.

"Amepanda?" baba akauliza.

"Amepanda."

"Uso wake ukoje?"

Sikuwa na mkaa wala kibao. Nikaanza na paji la uso, kama nilivyozoea. Nikamwambia limejaa mikunjo. Nikamwambia mashavu yameingia ndani, mfupa wa taya unaonekana, na shingoni pana alama ya chuma iliyozunguka kama ushanga. Nikamwambia midomo imepasuka, na anatazama huku na huku kama anayeogopa kuitwa. Gari likaanza kujongea. Baba aliinamisha kichwa karibu na mdomo wangu asikose neno.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.